Picha Niliyoikuta Taveta

Habona mjukuu wangu,

Huku Ngao hatujambo, na mguu wa bibi yako umepona. Unauliza kwa nini ujanani niliikatiza ile safari ya pikipiki, nilipokuwa nikizuru peke yangu mahali palipopiganwa vita.

Katika makumbusho moja Taveta niliona picha ya wapagazi wa vita vya kwanza vya dunia. Chini ya mmoja paliandikwa: "Alifia vitani. Jina halijulikani." Alikuwa babu yangu aliyenilea, na kovu lake shavuni!

"Huyu yu hai!" nilimpigia kelele mlinzi. "Nimemwacha nyumbani akipalilia mpunga!"

Niligeuza pikipiki siku ile ile. Babu hakuwahi kunitajia vita. Nilipomweleza, aliuliza, "Na wenzangu, wameandikwa majina?"



Akupendaye,
Babu Komora