Jivu la Shangazi Kwenye Erika Zangu

Oya, wanangu wa bando dogo! Leo ni Jumanne, upepo unavuma tangu alfajiri, vumbi limeingia mpaka kwenye meno, na mimi nina hasira mpaka vidole vinakosea herufi.

Kwa wageni: mimi napanda maua hapa Ilongero. Siyo alizeti, alizeti kila mtu analo. Napanda erika. Ni kichaka chenye majani membamba kama sindano, na vimaua vidogo kama kengele, vinajazana mpaka huoni kijiti. Nimejifunza mwenyewe kwenye simu. Hakuna mwalimu, hakuna cheti.

Nilikuwa nazo tatu.

Ya kwanza asili yake Ulaya, kwenye vilima vya baridi. Majani yake ya dhahabu, na wanasema baridi ikikaza yanageuka mekundu. Ya pili ni ya Afrika Kusini, maua yake marefu, ya waridi, kama vifilimbi. Ya tatu ndiyo ya kwetu, inaota juu kabisa Mlima Meru, ikiachwa inakuwa mti mzima. Maua meupe, yananukia asali. Nikiwaambia watu kwamba hii ni ya Tanzania wananibishia!

Jumamosi anakuja dada mmoja mwenye bustani ya miche kule Singida mjini. Alishaniambia, akikuta erika iko hai na ina maua, ananipa kona kwenye bustani yake niuze miche yangu. Kona yangu mwenyewe. Nimeiota hiyo kona tangu mwaka jana.

Sasa sikia. Erika zote tatu zina tabia moja, zinataka udongo mchachu, wa majani yaliyooza. Nilibeba magunia ya majani ya misonobari kwenye bodaboda, watu wananicheka. Maji ya kisima yana chumvi, sikuzipa. Nilikinga ya mvua kwenye pipa, nikawa nazipimia kwa kikombe.

Na bado wiki tatu hizi majani yanageuka njano. Nikasema ni jua, nikazihamishia kivulini. Nikasema ni upepo, nikazizungushia gunia. Ya Ulaya ikafa. Juzi ya Afrika Kusini nayo ikafa. Nimeangalia video mpaka bando limekata.

Leo asubuhi nimezunguka nyuma ya nyumba, namkuta Shangazi Salome, dada yake baba tunayeishi naye, amechuchumaa kwenye kopo nililopandia ile nyeupe ya Meru. Pembeni ana sufuria ya jivu la jikoni. Anafukua kwa kijiko, anamwaga jivu, anafukia, anapigapiga na kiganja.

Anafukia ili upepo usilipeperushe. Ndiyo maana sikuliona hata siku moja!

Hapa kwetu jivu ni dawa ya mchwa, kila mche unawekewa. Kwa mpapai sawa. Kwa erika ni sumu, linamaliza uchachu wote wa udongo.

Nimeanza na shikamoo, maana hata ukiwaka moto shikamoo iko palepale. Akaitikia marahaba huku anatabasamu.

"Mchwa wangekumalizia, mwanangu. Nakuwekea kidogokidogo tangu mwezi uliopita."

Nikalipuka. "Shangazi, umeniulia maua mawili!" Nimepiga kelele kweli, jirani akachungulia.

Shangazi akasimama, akakung'uta kitenge. "Mti gani unaogopa jivu? Mpapai unakula, mchicha unakula. Hicho kifagio chako ni mtoto wa mfalme?"

Kifagio. Jirani akacheka mpaka akashika uzio.

Na kuna kitu kinanichoma zaidi. Aliwahi kuniuliza haya maua yanataka nini. Nikamjibu, "Utachoka bure, shangazi, ni mambo ya kitaalamu." Nilikuwa nasikia raha kuwa mtaalamu peke yangu.

Nimeing'oa ile nyeupe, nimekung'uta udongo wote, nimeipanda upya. Matawi matatu bado ya kijani, moja lina vitumba. Hiyo tu ndiyo imebaki.

Mchana baba akaniita. "Ukamwombe radhi shangazi yako kabla jua halijazama." Na shangazi mwenyewe akadakia kutoka jikoni, "Akiniomba yanaisha. Nitaendelea kumsaidia kama zamani."

Kumsaidia!

Kelele nilikosea, nakubali. Lakini kwetu ukimwomba mkubwa radhi unaomba yote. Huwezi kusema samahani kwa kelele ila siyo kwa jivu. Ukianza kufafanua, umemtukana mara ya pili. Nikiomba, jivu linarudi kwenye kopo. Nisipoomba, Jumamosi dada wa bustani anafika kwenye nyumba iliyonuna, na mimi nimekaa nalinda kopo kama askari.

Saa kumi na moja sasa. Wanangu, ungekuwa wewe, ungeomba radhi?