Mji Usiotujua

Ijumaa, 20 Juni 2025

Nimenunua hema! La mtumba, ng'ambo ya mpaka wetu wa Tunduma, Nakonde. Muuzaji kaapa linalaza watu sita. Labda sita wenye umbo la mwiko – mimi peke yangu nimemaliza nusu. Nimelijaribu uani, majirani wakatoka kutazama sinema. Wiliam wa nyumba ya pili kauliza kama tumebomolewa. Nikamwambia tunakwenda kupiga kambi Ileje, mimi, mke wangu Yunisi na binti yetu Angel, likizo ya mtoto. Akacheka hadi akashika ukuta. Mtu ana nyumba ya bati na vitanda, anakwenda kulala kwenye baridi kama kuku aliyesahauliwa nje!

Sikumwambia la pili. Tunakwenda kutafuta pa kuhamia. Kwanza tupaone, ndipo watu wajue. Ukilala gesti unaona stendi na soko tu. Ukilala kwa ndugu – Itaka yupo shangazi yake Yunisi – ni kulia tangu mlangoni. Hema halina shangazi.

Nilipokuwa nalikunja, dereva mmoja wa lori, Mzambia, mteja wangu wa matairi, akapunguza mwendo na kupunga mkono. "Bashi Nata! Mulishani!" Bashi ni baba, kwa Kibemba chao. Hajasikia. Nata, mtoto wetu wa kwanza, tulimzika Februari. Nikapunga mkono. Nikajibu bwino, mzima kabisa.


Jumamosi, 21 Juni

Itumba! Wiliam katuleta kwa kirikuu chake, kigari cha mizigo, Angel nyuma juu ya godoro kama malkia. Milima kila upande, ukungu, migomba. Baridi ya kung'oa meno.

Tuna mwenyeji, Mzee Andongwisye. Ana kipande cha shamba mteremkoni, anataka kumpa mtu atakayejenga na kukaa, si wa kununua na kupotea. Namba yake niliipata kwa fundi mmoja. Katuruhusu tusimamishe hema hapo hapo kwenye kipande chenyewe. Nimelisimamisha. Likalala. Nikalisimamisha tena. Mkewe, Mama Tukuswiga, kanitazama kwa huruma, akaja na kamba ya mbuzi. Sasa limesimama. Mbuzi anazurura.

Niseme ukweli, humu daftarini hakuna wa kunicheka. Ninachokimbia ni jina. Miaka yote hii naitwa Baba Nata. Mchungaji, muuza nyanya, wateja, wote. Jairo limebaki kwenye kitambulisho. Baada ya mazishi watu wameendelea – wafanyeje? Wengine wanaanza "Baba Na–" halafu wanameza. Hiyo ya kumeza ndiyo inayoua. Yunisi kaacha hata kufungua meza yake ya vitenge, maana kila mteja anaanza na Mama Nata. Nikawaza: mji usiotujua. Huko tutakuwa Baba Angel na Mama Angel, basi, tuanze upya. Nilipomwambia Yunisi akasema haya. Yunisi akisema haya, inaweza kuwa ndiyo, inaweza kuwa toka hapo nifagie.

Mama Tukuswiga katuletea viazi vya moto, akauliza tuwaiteje, wageni wetu? Mama nani? Angel akajibu upesi, kama yuko darasani na mwalimu ni mkali: "Mama Angel! Na huyu ni Baba Angel!"

Ana miaka kumi na tatu. Hajawahi kusikia mtu akituita hivyo. Uso wake ulivyowaka, nikageuka nikakaza kamba ambayo ilikuwa imekaza.


Jumapili, 22 Juni

Kanisani. Wageni wasimame. Yunisi na Angel wakasimama. Mzee wa kanisa akasema, na Baba Angel pia asimame. Nikageuka kumtazama huyo Baba Angel ni nani, mbona hasimami. Angel akanifinya. Nikasimama, nikawaambia masikio yangu yameharibiwa na honi za malori. Kanisa zima likacheka. Yunisi hakucheka.

Mji mzuri, sikatai. Ofisi za wilaya zipo, shule ipo, maji yanashuka yenyewe. Pikipiki nyingi – sitakosa tairi la kuziba. Angel kapata marafiki, anawatembeza kwenye hema kama mwongoza watalii. "Hapa analala Mama Angel. Hapa Baba Angel, msikae, anakoroma hata akiwa hayupo."

Jioni Mzee Andongwisye kanieleza jinsi wanavyompokea mtu. Karatasi zinakuja baadaye. Kwanza majirani wa pande zote wanasimama kwenye mashamba yao, mwenye ardhi anapaza sauti: nimepata jirani, Baba Fulani! Nao wanaitikia lile jina kutoka ng'ambo ya bonde. Nikasema siku hizi kuna simu, Mzee. Akasema simu inafutwa. Jina likishavuka bonde, watoto wa watoto watalitumia. Itakuwa Jumatano.


Jumatatu, 23 Juni

Sijui niandikeje.

Sokoni. Yunisi na Mama Tukuswiga wanachagua kabichi, mimi na Angel tumebeba. Nasikia nyuma: "Mama Nataaa!" Mwanamke anakuja mbio, kikapu kinaruka. Jenista, muuza nguo wa hapa, zamani alikuwa akija Tunduma kuchukua vitenge kwa Yunisi. Hajafika kule muda mrefu. Wakakumbatiana. Habari za huko, habari za biashara. Mimi nasubiri lile swali kama mtu anayesubiri sindano.

"Na Nata hajambo?"

Yunisi akasema, "Hajambo."

Hivyo tu. Hajambo! Jenista akauliza, bado mrefu vile vile? Yunisi akasema ameongezeka, siku hizi anainama mlangoni, yuko dukani, anamshikia baba yake. Akawa anaonyesha kwa mkono juu ya kichwa chake. Na uso wake – Mungu wangu – uso wa mwanamke mwenye mtoto wa kiume mrefu. Sijauona tangu Februari.

Nilisimama na kabichi zangu.

Mama Tukuswiga akapiga makofi. Kumbe mna mkubwa! Mbona mmetuficha? Basi ninyi ni Mama Nata na Baba Nata, mtu haitwi kwa mdogo mkubwa akiwepo! Akamgeukia Angel, kwa utani tu, mama wa watu: "Na wewe binti, umempora kaka yako cheo!"

Angel akaweka kabichi chini, taratibu, akaondoka.

Hadi tunarudi, mtaa mzima umeshabadilisha. Baba Nata karibu, Baba Nata pole na mzigo. Na mimi, bila kufinywa na mtu, nageuka kila nikiitwa.


Jumanne, 24 Juni

Yunisi kaimba leo akipika. Wimbo wa kwaya, sauti ya pili. Nilikaa nyuma ya hema nisimkatize.

Baadaye nikamuuliza, tutawaambia lini? Akaendelea kumenya viazi. "Una haraka gani, Baba Nata? Kule Tunduma anakufa kila asubuhi, kila anayepita lazima amzike upya. Huku acha aishi kidogo."

Nikasema, na Angel? Kisu kikasimama. Kisha kikaendelea.

Angel hasemi na mama yake. Na mimi anasema ndiyo na hapana. Nimemtania kuhusu kukoroma, akanitazama kama afisa wa forodha.

Mama Tukuswiga kaja na kuku. Anasema Nata akija kusaidia kujenga, yeye ana mpwa wake, msichana ana adabu na anajua kulima. Yunisi akasema Nata mvivu wa jembe, binti atajuta. Wakacheka, wakagongana mikono. Nikacheka na mimi. Kicheko cha kweli, cha tumboni. Kwa muda ule mfupi nilikuwa na mkwe. Nikaenda kuosha uso mtoni, nikakaa huko.


Jumatano, 25 Juni, asubuhi

Wamekuja. Ng'ambo naona watu wamesimama kwenye migomba, mmoja ana shuka jekundu. Mzee kavaa koti. Kaniuliza, kwa heshima, kama mtu anayejua jibu: nipaze Baba Nata, siyo?

Yunisi kanitazama. Hakunisihi. Bora angenisihi.

Nikasema ngoja kwanza nichukue kofia. Nimeingia kwenye hema. Kofia yenyewe nimeivaa.

Nikisema ndiyo, mwanangu atakuwa hai katika bonde hili, na kila siku tutamtungia habari: kasafiri, kapata kazi, atakuja Krismasi. Na Angel atazitunga pamoja nasi. Nikisema hapana – nitatoka nje nimuue mbele ya mama yake, na watu wote hawa wataangua kilio kwa mtu wasiyemjua. Na Yunisi hataimba.

Mzee anaita. Baba Nata, majirani wanangoja!

Kuna mtu amesimama nje ya hema. Naona miguu tu, chini ya turubai. Ni raba za Nata, nyeupe, za kuchezea mpira. Nilidhani ziligawiwa na nguo zake nyingine siku ya kumaliza msiba. Zinapwaya, kamba imezungushwa hadi kwenye kifundo.

Sikumwita Angel. Hakuingia. Kisha, kwa sauti ya chini:

"Baba. Niwaambie mimi?"