Gitaa Halimo

Mdogo wangu,

Albamu yako ya nne imefika. Sisi wazima, cherehani zangu sasa ni sita, na fundi wa vifungo bado anakuja kazini saa anazotaka yeye.

Kwenye jalada umeandika tena, "Vyombo vyote nimepiga mwenyewe." Kwenye ile ya kwanza makofi yalikuwa yangu, na gitaa nilikufundisha mimi, lakini hayo tuyaache. Hii nimeisikiliza mara tatu nikikata vitambaa. Ile ilikuwa na vyombo saba. Hii ina kinanda cha mdomo, ngoma moja, na piano ya noti za juu tu, za mkono wa kulia. Gitaa halimo kabisa. Ungeniambia mkono wa kushoto una nini, badala ya kuniandikia habari za mvua.

Hata hivyo, wimbo wa mwisho umewafanya mafundi wasimamishe mashine. Huo unadai gitaa. Nimeshaufanyia mazoezi, vidole vimeota sugu upya. Jumamosi nakuja. Tutaanza kwa daktari, kisha albamu ya tano.

Safari hii jalada liandikwe: gitaa, dada yake.

Ni mimi, mwalimu wako usiyemtaja,
Dada