Kidole Gumba cha Ukurasa wa Tano

Jumatatu, 4 Agosti 2025
Siku ya sita. Nakala tatu tu! Na moja nimenunua mwenyewe, nimevaa barakoa.

Katuni yangu iko kwenye meza ya magazeti ya Rogath, Gerezani, karibu na kituo cha mabasi ya mwendokasi. Jalada zuri: msichana anaruka juu ya maghorofa ya Kariakoo. Watu wanalitazama, wanasoma jina — Ukucha, jina langu la kujificha — wanapita. Rogath anasema wanaogopa kuanza hadithi ya mtu wasiyemjua. Wengi wameshaanza nyingine wakaachwa njiani, namba mbili haikutoka. Tarehe 15 zisipokwisha anazirudisha, na mwenye mashine hatachapa namba mbili. Miaka miwili nachora! Nina hasira, hata hamu ya kula sina.

Jumatano, 6 Agosti
Rogath kachana nakala yangu! Kautundika ukurasa wa tano kwa kibanio, pale anapotundika magazeti ya leo. Nikamfokea. Akaniambia nisimame kando nitazame.

Nikatazama. Wale wasomaji wa bure wa kila asubuhi, mikono nyuma, wasionunua hata siku moja — wameganda! Ukurasa wa tano hauna msichana anayeruka. Una Bwana Pazia, muuza vitambaa, anampimia mteja. Macho kwa mteja, maneno matamu, na kidole gumba kinarudisha kitambaa nyuma kidogo, kila mita. Mmoja akacheka, "Huyu namjua!" Mwingine akaapa kaibiwa hivyo hivyo juzi. Wakataka kujua atafanywa nini. Hadi adhuhuri zimeondoka kumi na tisa.

Kumbe shujaa hawana haja naye. Wanamtaka mtu wanayemjua. Nimerudi nyumbani nacheka peke yangu.

Alhamisi, 7 Agosti
Arobaini! Rogath ananiita bosi.

Jumamosi, 9 Agosti
Nilikuwa mezani kwa Rogath. Kaja Mama Winifrida, fundi cherehani, mteja wa baba tangu sijazaliwa. Kautazama ukurasa, kavaa miwani, kautazama tena. "Jamani, si Mzee Salem huyu? Yule wa Msimbazi!"

Baba yangu.

Uso si wake, nilihakikisha. Bwana Pazia hana ndevu, ana kitambi, ana kofia ya pama. Lakini mkono! Nimekulia chini ya meza ile ya vitambaa. Mkono unaopima niliouona maisha yangu yote ni mmoja tu. Niliuchora bila kufikiri.

Akageuka akaniona. Arwa, umeiona hii? Nikasema sijaiona. Akanunua mbili.

Jumatatu, 11 Agosti
Wateja watatu leo wamekuja dukani na futi zao. Mmoja kapima upya mbele ya baba, kalipa, kaondoka bila neno. Baba kacheka, kicheko cha meno tu. Baadaye kaniuliza watu wana nini siku hizi. Sijui, baba.

Nimempigia Rogath aushushe ukurasa. "We vipi? Zimebaki kumi! Watu wanaulizia namba mbili kila dakika. Nikiushusha nawaambia nini?"

Nimejaribu kuuchora mkono upya kwenye namba mbili. Bwana Pazia anapima sawasawa, vidole vyote vinaonekana. Amekufa kabisa! Ni muuza vitambaa yeyote. Nimefuta, nimemrudishia kidole chake, nimejichukia.

Jumanne, 12 Agosti
Wiki iliyopita Mama Winifrida alinunua kwa baba mita tano za pazia. Hajazikata. Nimeenda kwake, nimeomba futi. Nimepima mara tatu.

Zimepungua kiganja kizima.

Nilidhani wizi nimeubuni, mkono tu ndio wa baba! Mama Winifrida akakunja kitambaa polepole. "Si mara ya kwanza, mwanangu. Tumeshamzoea." Hilo ndilo lililoniumiza. Wamemzoea. Nampenda baba, na naona aibu, na nina hasira naye, vyote kwa pamoja.

Jumatano, 13 Agosti, baada ya alasiri
Naandika stoo, nyuma ya majora.

Nakala zimeisha! Rogath kapiga simu saa nane: mwenye mashine anataka kurasa za namba mbili kesho asubuhi. Nikawa nazipanga kwenye bahasha. Baba akaita.

Juu ya meza ya kupimia, katuni yangu. Ukurasa wa tano. Hakunigombeza. Akaweka kidole kwenye kanga ya yule mteja niliyemchora, kwenye ua lake. Ua lile lile nililokuwa namchorea kwenye maboksi ya dukani nikiwa mdogo. "Ni wewe?" Nikasema ndiyo, baba.

Akasoma mpaka mwisho. Akarudi ukurasa wa tano. Kisha akauliza kama namba mbili nimeshaichora. Nimeshaichora. "Huyu mtu..." Akakohoa. "Anakamatwa?"

Wakaingia wateja, mama na binti yake, wanataka mita sita za satini. Nikakimbilia huku. Bahasha iko mapajani, haijafungwa. Nasikia jora linagonga meza. Nasikia kitambaa kinavutwa. Sasa kimya. Mbona kimya hivi?

Anaita. "Arwa! Njoo upime wewe."