Maua Niliyoyaleta Kutoka Ukumbini

Nyumba ya Kona,
Nyuma ya Ofisi ya Posta.
Jumapili, tarehe 19 Mei.

Mama Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute goti limetulia na unapanda ngazi za kwa binti yako bila kushika ukuta. Huku tu wazima. Baba anakohoa kidogo, lakini ugomvi wake na redio uko palepale, kwa hiyo hatuna wasiwasi naye.

Alhamisi ulinitumia picha ya paka mdogo uliyeletewa na binti yako akuliwaze. Nilikupigia hapo hapo, nikakuomba utoe nje yale maua meupe yaliyo mezani nyuma yake, kwani yangemdhuru. Ukaniuliza, "Maua yamekukosea nini? Na wewe umejuaje?" Nikasema mtandao unasumbua. Mtandao haukuwa na neno, Mama. Simu nilikata mimi.

Jibu ndilo hili, na nimechana karatasi tatu kabla ya hii. Fundi viatu, ndugu yako, hakumlisha paka wako Karani sumu. Aliyemuua Karani ni mimi.

Unajua kazi yangu ni kupanga meza katika ukumbi wa mikutano. Jumatatu ile mkutano ulipokwisha, msimamizi aliniambia maua nikayatupe. Yalikuwa mayungiyungi meupe, yenye mdomo mpana kama tarumbeta, bado mabichi kabisa. Niliona uchungu kuyatupa. Nikayaleta nyumbani, nikayaweka kwenye jagi dirishani, pale pale Karani alipokuwa akiota jua.

Jioni yake nilimkuta na unga wa njano puani na kifuani. Nilicheka, nikajua ameingia kwenye kopo la bizari. Nikamfuta kidogo kwa kitambaa, kilichobaki akajilamba mwenyewe. Nilikaa nikimtazama akijilamba.

Jumanne akatapika, akakataa chakula, akajificha chini ya kitanda chako. Jumatano asubuhi udenda ulikuwa ukimtoka. Hapo nikakumbuka kwamba wiki iliyotangulia alikuwa amekwaruza viatu vya mteja wa fundi, na fundi akasema, "Paka huyu iko siku nitamtia adabu." Basi. Kichwani mwangu kesi ilikwisha kuamuliwa.

Badala ya kumkimbiza kwa daktari, nilikwenda dukani kwa fundi. Nilisimama mlangoni, wateja wakiwa wamejaa, nikapayuka, "Umemlisha nini paka wa watu?"

Alibaki na sindano mkononi. "Mimi? Nimlishe sumu paka wa dada yangu?"

Nikamwita muuaji. Kisha nikakupigia wewe nikiwa bado pale pale, ukaniambia nimpe simu. Uliyomwambia unayajua. Aliitikia "ndiyo, dada" mara mbili, akanirudishia simu bila kunitazama. Asubuhi yote ikaenda hivyo.

Nilimfikisha Karani kwa daktari wa mifugo saa nane mchana. Daktari alimfunua manyoya ya kifuani, akauliza, "Hii njano ni nini?"

"Ni bizari, daktari."

Akanusa. "Hii si bizari. Nyumbani una maua gani?"

Nilipomwambia, aliweka chini kalamu. Alisema kwa paka yungiyungi ni sumu lote: ua, jani, ule unga wake, hata maji ya kwenye jagi. Huharibu figo. "Ungemleta jana, tungekuwa na la kufanya." Alimtundikia dripu hata hivyo. Ijumaa Karani akafa.

Mpaka hapo naweza kusema sikujua. Ila tangu Jumatano ile nilijua, Mama, na nikanyamaza wiki tatu. Ulipolia kwenye simu ukimlaani fundi, nilikuitikia. Nilipopita dukani kwake niligeuza uso kama mwenye haki. Nilikuwa naona aibu, na kila siku iliyopita aibu ikazidi kunenepa.

Picha yako ndiyo iliyonitoa jasho. Niliona kwamba kimya changu kingeweza kuua paka wa pili.

Jana asubuhi nilikwenda kwa fundi. Wateja walikuwa wawili. Nikasema mbele yao kwamba nilimsingizia, kwamba maua yalikuwa yangu na kosa ni langu. Alinisogezea kigoda. Mteja wa tatu alipoingia, fundi akaniambia, "Na huyu mwambie." Nikamwambia. Akaja mwingine. "Na huyu." Nilirudia mara saba mpaka adhuhuri. Mama mmoja aliyefuata kandambili tu aliniambia, "Pole, lakini mimi nina haraka," na bado fundi akamzuia asikie mpaka mwisho.

Baada ya huyo wa saba akasema, "Basi. Umesema mahali uliponitukania. Amebaki dada yangu. Huyo mwandikie, maana kwenye simu wewe una mdomo mwepesi."

Hakusema amenisamehe. Sikuthubutu kumuuliza.

Tafadhali hakikisha maua yale hayakurudi ndani, na meza ifutwe kwa maji. Hata lile jani pana lenye madoa meupe, ulilolipenda sebuleni, daktari anasema huunguza mdomo wa paka. La kwetu nimelitoa. Mwambie binti yako akitaka kupamba nyumba, kwanza amuulize daktari wa huko.

Nisalimie yeye na mumewe. Baba anakusalimu. Nimemsomea barua hii yote, akazima redio.

Nakuomba radhi, Mama, nami siku utakayoweza kunipa nitaipokea. Ila usianze na mimi. Ukiikunja barua hii, mpigie fundi kwanza. Dukani huwepo kuanzia saa mbili.

Mungu akulinde wewe na huyo mdogo.

Mimi mwanao, nikupendaye na kukuonea haya,
Mpanga meza wako