Kidole Chako Kule Barazani

Biira mjukuu wangu,

Hapa Bwera tuko salama. Babu yako anakohoa kidogo tu, na kahawa imeanza kuiva. Umeniuliza kwa nini nilikushika kidole likizo ile, kwenye baraza la hoteli ya zamani pale Kasese.

Nikiwa msichana nilifua mashuka ya hoteli hiyohiyo. Asubuhi moja mawingu yalifunguka, theluji ya mlima ikawaka juu yetu, nyeupe kuliko mashuka yote tuliyoanika. Nikapiga kelele, nikainyoshea kidole. Mama Kabugho, mkubwa wetu wa kufua, akanishusha mkono.

"Mulima imejionyesha yenyewe," alisema. "Weye unaionyesha nani?"

Kwa wazee wetu theluji haikunyoshewa kidole. Nilipoinua macho tena, wingu lilikuwa limefunga. Nilingoja siku nyingi kuiona tena.

Siku yetu sisi pale barazani, uliponyosha kidole nikakishika, mlima ulikaa wazi mpaka chai ikapoa. Hata baba yako, simu mkononi, alisahau kupiga picha. Sijui kama mlima hukasirika, mtoto wangu. Ila kidole chako sikukiachia.

Ni mimi bibi yako,
Masika