Nyumba ya Kando ya Barabara Kuu

Jumamosi, 11 Machi, saa tatu kasoro robo asubuhi; manyunyu.

Mama Watoto,

Ukirudi kutoka zamu, chai imo kwenye chupa. Watoto wako kwa shangazi yao.

Alfajiri nilimtembeza kitindamimba kutoka ile nyumba ya barabara kuu niliyoichagua tuhamie hadi shuleni, kuijaribu njia. Pale njia panda alisimama, akatazama kulia, kushoto, kulia tena, kama nilivyomfundisha. Lori halikusimama. Nilimvuta kwa ukosi wa sweta.

"Baba, nimekosea wapi?"

Nilimshika mkono, tukarudi.

~~Nitatia sahihi mkataba wa nyumba hiyo, kisha tuwakodie gari la shule.~~ Hapana. Tuchukue ile nyumba ndogo uliyoitaka wewe, yenye njia ya miguu hadi shuleni. Cheka ukipenda.

Nakwenda kwa dalali. Nilimwahidi sahihi leo. Ahadi ni deni, hili silipi.

Baba Watoto